Mfumo ukikataa, karani ndiye anayelaumiwa

Wafanyabiashara wa mpakani wanayajua maneno haya mawili kuliko wanavyoijua bei ya maharage: "Mfumo umekataa." Zamani tulikuwa tukiambiwa bosi hayupo, au mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda msibani. Siku hizi bosi yupo, umeme upo, mtandao upo, fedha unazo mkononi na karatasi zako zote ziko sawa, lakini mfumo umekataa. Karani anayasema hayo huku akikitazama kioo cha kompyuta kama mkulima anavyoyatazama mawingu yasiyonyesha. Wewe unarudi kwenye benchi. Gari ulilokodi linaendelea kuhesabu saa, na mzigo wako, kama ni nyanya, hauwezi kumsubiri mtu.

Wengi wetu huamini kwamba hapo kuna mambo mawili tu: ama karani ni mzembe, ama anatafuta chai. Sikatai, wazembe wapo na wanywa chai wapo. Lakini nimesimama kando ya kaunta za namna hiyo kwa miaka mingi, na nimeona kuwa kuna mtu wa tatu ambaye hatumwoni wala hatumtaji. Huyo ni yule aliyeichora ile skrini, akaamua kisanduku hiki kikae hapa, neno lile liandikwe vile, na kitufe cha kufuta kiwe karibu na cha kuhifadhi. Mtu huyo hajawahi kukaa kwenye kiti cha karani hata siku moja.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ni mwalimu wa Kiingereza. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na mwaka 2009 nikarejea nchini pamoja na wimbi la watu wa 1972 waliochagua kurudi. Nilikuta ofisi zinaongea Kifaransa, na kompyuta zake zinaongea Kifaransa kigumu zaidi. Nikajifunza Kifaransa cha kujaza fomu kabla ya kujifunza cha kusalimiana. Basi wenzangu, abahungutse kama tunavyoitwa huku, wakaanza kuniomba niwasindikize maofisini. Hata leo siku za likizo huwasindikiza kina mama wa sokoni na kuwasomea karatasi zao. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimesimama nyuma ya bega la karani, na mengine nimeyasoma ili nielewe nilichokiona.

Tuanze na simu iliyo mfukoni mwako. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilibidi ieleweke kwa bibi wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Menyu yake ilikuwa fupi. Unaandika namba, unaandika kiasi, na kabla ya kukubali simu inakuonyesha unatuma shilingi ngapi na zinakwenda wapi. Kampuni za simu hazikujitaabisha hivyo kwa upendo. Zilijua kwamba mteja akishindwa hutupa laini na kuhamia kwa jirani.

Karani hana jirani wa kuhamia. Programu anayoitumia ilinunuliwa na wakubwa zake, naye ameikuta mezani. Hata ikimchosha macho, hata ikimlazimisha kubonyeza mara 20 kwa jambo la mara 3, kesho asubuhi atakuwa pale pale. Aliyeiuza hapotezi kitu. Ndiyo maana programu za wateja zinazidi kuwa nyepesi mwaka hadi mwaka, lakini programu za ndani ya ofisi, zile za forodha, benki, hospitali, bohari na idara za mishahara, nyingi bado ni nzito na kavu kama mkate wa juzi.

Tazama pia zinavyonunuliwa. Zabuni inatangazwa na kuambatanishwa orodha ndefu ya mambo ambayo programu inapaswa kuyafanya. Kamati inakaa, inaweka alama ya vema mbele ya kila jambo, na mwenye vema nyingi kwa bei nafuu anashinda. Anayetia saini hataitumia. Ni sawa na kumnunulia mtu viatu kwa kuhesabu matundu ya kamba bila kuuliza habari za mguu wake. Sijaona orodha yenye mstari unaosema: karani mgeni aweze kumhudumia mtu mmoja mwenye mzigo mdogo kwa dakika 5 bila kumuuliza mwenzake.

Wewe mwenye duka unalijua somo hili bila kufundishwa. Sukari, chumvi, sabuni na vocha umeziweka karibu na mkono, misumari iko rafu ya juu, na sumu ya panya huiweki jirani na unga hata kama vyote viwili vinauzwa kwa kupima. Hakuna aliyekupa digrii ya kupanga duka. Umelipanga kwa kutazama wanaoingia wanauliza nini, na jioni mkono wako unauma wapi. Kazi hiyo hiyo ikifanywa kwenye kompyuta ni taaluma yenye watu wake na vitabu vyake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Don Norman, alichapisha mwaka 1988 kitabu kilichozungumzia milango, swichi na majiko, na hoja yake kubwa ni kwamba watu wakiendelea kuusukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, kosa limo mlangoni. Miaka michache baadaye aliajiriwa na kampuni ya Apple. Kwa Kiswahili sehemu ya programu inayoonekana na kuguswa huitwa kiolesura. Mitaani sijamsikia anayesema kiolesura. Watu husema skrini au kioo, nami nitawafuata.

Sasa nieleze jambo nililoliona mwenyewe. Sitautaja mpaka, wala upande wake, kwa sababu karani aliyehusika alitutendea wema na sitaki apate taabu. Nilikuwa na mama mmoja muuza maharage, magunia 12. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu," akaanza kujaza. Jina la mama lilikataliwa mara mbili kwa sababu lina kistari katikati. Alipokiondoa likakubaliwa. Alipofika kwenye mzigo palikuwa na kisanduku chenye neno moja la Kifaransa lililokatwa katikati kwa kukosa nafasi. Kando yake palikuwa na menyu ya vipimo ambayo ilikuwa imejichagulia kilo yenyewe, kwa maandishi madogo ya kijivu. Mama alisema magunia 12, kijana akaandika 12, akabonyeza, akathibitisha. Programu ile iliyoogopa kistari cha jina haikushtuka hata kidogo kwamba mwanamke amekodi gari zima kuvusha kilo 12 za maharage.

Dirisha la pili lina mizani. Mizani ikasoma zaidi ya kilo 1,200, kwa kuwa magunia yenyewe yalikuwa lumbesa. Ofisa wa pale hakuiona skrini ya kijana. Alichokiona ni karatasi inayosema kilo 12 na mzigo wa zaidi ya tani. Kwa macho yake huo ni udanganyifu wa wazi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kijana alikimbilia kueleza, lakini ingizo likishathibitishwa ni msimamizi peke yake anayeweza kulifuta, na msimamizi siku hiyo alikuwa mji mwingine. Mama alikaa kwenye benchi hadi jioni akitazamwa kama mwizi na watu wanaomfahamu sokoni, watu anaokopeshana nao mitaji. Gari lililipwa siku ya pili. Faida ya safari ile ikaisha kwenye gari na chakula.

"Mwalimu, kisanduku hiki si mara ya kwanza kunipata," kijana aliniambia baada ya foleni kuisha. Kisha akanionyesha vikaratasi alivyobandika kuzunguka kioo. Kimoja kilikuwa na namba za bidhaa anazozitumia kila siku. Kingine kiliandikwa "subiri kwanza, usibonyeze mara mbili". Cha tatu kilikuwa na mshale unaoonyesha kitufe kisichoguswa kabisa. Kila kimoja kina kisa chake na kila kisa kina mtu aliyekaa kwenye benchi. Jioni ile alikata kipande cha boksi la biskuti, akaandika kwa kalamu nyekundu "KILO! SI GUNIA", akakibandika kando ya vingine.

Mtu anayejua kusanifu programu akiingia ofisini huanza kusoma vikaratasi vya aina hiyo, kwa sababu ndiyo ripoti ya kweli ambayo haijapitia kwa mkubwa yeyote. Dawa ya kile cha kilo ni rahisi mno. Kisanduku kingeandikwa "Uzito kwa kilo" badala ya neno lililokatwa, na kabla ya kuthibitisha programu ingeuliza: maharage, gari zima, kilo 12 tu? Kazi ya saa chache kwa mtu anayeijua.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya kwetu, ni umaskini, Wazungu wameshayamaliza. Hayajamalizwa. Tarehe 11 Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilitaka kulipa riba ya mkopo kwa niaba ya Revlon, kampuni ya vipodozi. Riba yenyewe ilikuwa kiasi cha dola milioni 7.8. Badala yake benki ilituma karibu dola milioni 900, nyingi zikiwa fedha zake yenyewe, kwa watu walioikopesha Revlon.

Jinsi ilivyotokea imeandikwa kinaganaga katika kumbukumbu za mahakama. Programu ya benki, Flexcube ya kampuni ya Oracle, haikuwa na njia ya moja kwa moja ya kufanya kile walichokitaka siku ile. Ilibidi waiambie kwamba mkopo wote unalipwa, kisha deni lenyewe walielekeze kwenye akaunti ya ndani ya benki ili lisitoke nje. Kwa kufanya hivyo walitakiwa kuweka alama kwenye visanduku vitatu. Wao waliweka kwenye kimoja, kile chenye neno linalomaanisha deni lenyewe, wakiamini kinatosha, kwa sababu kwa kusoma jina lake ndicho kinachoonekana kinatosha. Visanduku vingine viwili vilikuwa na majina yasiyomwambia mtu kitu. Watu watatu waliipitia kazi ile mmoja baada ya mwingine, wawili India na mmoja Marekani, na wote watatu walisoma skrini kwa namna ile ile. Mwisho programu ilitoa onyo kwamba fedha zitatoka nje ya benki, je, waendelee? Wakaendelea, kwani riba ilikuwa kweli itoke nje. Onyo halikusema ni kiasi gani. Mtu anayetuma shilingi 5,000 kwa simu huonyeshwa kiasi kabla ya kukubali, lakini benki kubwa yenye matawi dunia nzima haikuonyeshwa.

Baadhi ya waliopokea walirudisha. Wengine walikataa, na kiasi cha dola milioni 500 kikabaki mikononi mwao. Februari 2021 jaji wa New York aliamua kwamba wana haki ya kukaa nazo. Benki ilikata rufaa, na Septemba 2022 hukumu ile ikatenguliwa. Benki ina mawakili wa kuhangaika miaka miwili. Mama wa maharage ana benchi.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi kwa sababu waathirika wake walikuwa watu kama nyinyi, wenye maduka. Uingereza, huduma za posta vijijini na mitaani mara nyingi huendeshwa na wenye maduka kwa mkataba. Kuanzia mwaka 1999 walipewa programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ikawa Fujitsu. Jioni programu ikawa inaonyesha fedha zimepungua. Mwenye duka anahesabu sarafu mara tatu, fedha ni zile zile, programu inasema zimepungua. Shirika la posta likawaambia walipe, na wengi likawashtaki. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa kutegemea hesabu za programu ile, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba. Kasoro za Horizon zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa ndani kabisa ambako jicho halifiki, nami sitaki kuzitia zote kwenye kapu la skrini. Lakini moja ilikuwa ya skrini kabisa. Oktoba 2015, katika posta ya Dalmellington huko Scotland, mhudumu aliingiza pauni 8,000 zilizokuwa zikihamishwa, akabonyeza kitufe, na skrini ikabaki vile vile kama haikusikia. Akabonyeza tena na tena, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kila alipobonyeza, programu ilikuwa ikiingiza pauni 8,000 nyingine kimya kimya. Zikawa pauni 32,000, na kwenye hesabu pakawa na pengo la 24,000. Walipochunguza wakakuta jambo hilo lilikuwa limeshatokea mara nyingi kwa miaka kadhaa nyuma yake.

Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja. Kumbuka kile kikaratasi cha "subiri kwanza, usibonyeze mara mbili". Kijana wa mpakani hajawahi kusikia habari za Dalmellington.

Sasa tusije tukadhani dawa ni rangi na picha. Hapo ndipo vijana wanaotengeneza programu hukosea mara nyingi. Wanaleta kwa karani kitu kinachofanana na simu ya mchumba: vitufe vikubwa, nafasi nyeupe kila mahali, kurasa saba za kupitia. Karani anayehudumia watu 80 kwa siku hataki hivyo. Yeye anataka kila kitu kiwe kwenye ukurasa mmoja, vidole vitembee kwenye kibodi bila kuishika panya, na akimaliza kisanduku kimoja aruke kwenye kinachofuata kwa mpangilio wa karatasi iliyo mkononi mwake. Programu za zamani zenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani zilikuwa hazipendezi, lakini makarani waliozizoea walizikimbiza kama mshonaji na cherehani yake.

Hata wingi wa visanduku si dhambi peke yake. ASYCUDA, ambayo sisi tunaifahamu zaidi kwa jina la Kifaransa la SYDONIA, ilianzishwa mwaka 1981 na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, kwa ajili ya nchi za Afrika Magharibi, na leo imeenea katika nchi na maeneo yapatayo 100. Hata Tanzania ilitumia ASYCUDA++ kabla ya kuhamia TANCIS, mfumo uliojengwa pamoja na Wakorea. Tamko kuu la ASYCUDA limefuata hati ya forodha iliyobuniwa Ulaya, yenye visanduku 54. Kwa wakala wa forodha anayejaza kumi kila siku, visanduku hivyo ni kama vidole vyake. Anajua kwa kichwa kwamba maharage makavu huanza na 0713, na kwamba tarakimu 6 za kwanza ni za dunia nzima na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza hadi kuwa 8. Skrini inayomfaa yeye itamzamisha mama anayevuka mara moja kwa mwezi, na inayomfaa mama itamchosha wakala. Ni kazi mbili tofauti, na kosa kubwa ni kuzilazimisha ziingie dirisha moja.

Mfano wa shuleni utaeleweka haraka. Nimewahi kutumia programu ya kuingiza alama za wanafunzi, ya shule ambayo sitaitaja. Darasa lilikuwa na wanafunzi 62. Unachagua jina, unaandika alama, unabonyeza hifadhi, na programu inakurudisha juu kabisa ya orodha. Kwa mwanafunzi wa 50 unateremka majina 50, unaandika tarakimu mbili, unarudishwa juu tena. Usiku wa manane mwalimu ameshaanza kumpa huyu alama za yule. Aliyeitengeneza bila shaka aliijaribu na majina matano.

Kwetu sisi tuliorejea kuna kisanduku kinachouma kuliko vyote, nacho ni cha jina. Tanzania mtoto huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Burundi kila mtoto ana jina lake mwenyewe, si lazima afuate la baba, na fomu zina visanduku viwili tu vya jina. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina matatu, kitambulisho changu kina mawili, na herufi R ya jina langu huko Tanzania iliandikwa L na karani aliyesikia hivyo. Kwa binadamu hilo ni jambo la kueleza kwa dakika moja. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi, mimi ni watu wawili, na katika ofisi moja niliishi kama watu wawili kwa muda mrefu, mmoja mwenye kazi na mwingine mwenye cheti.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni vile vile. Wazee wengi waliotoka makazini hawaijui siku waliyozaliwa, wanajua msimu na tukio. Skrini haikubali kisanduku hicho kibaki wazi wala haina neno "haijulikani". Karani afanyeje? Anaandika tarehe 1 Januari. Matokeo yake kijiji kizima kimezaliwa siku ya mwaka mpya, na ofisi nyingine ikiona majina yanayokaribiana yenye tarehe moja inashuku wizi. Programu imemlazimisha karani kuandika uongo, halafu programu nyingine inamshtaki mzee kwa uongo huo huo.

Na lugha? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo linawezekana, basi. Sisemi mifumo yote ya serikali igeuzwe kesho, lakini kisanduku kinachotaka kilo kinaweza kusema kilo.

Njia ya kufanya vizuri nayo si siri. Miaka ya sabini huko Norway, Kristen Nygaard, mmoja wa wavumbuzi wakubwa wa lugha za programu, alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa vyuma ili mafundi wenyewe wawe na sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zinaingia viwandani. Kuanzia mwaka 1981 wataalamu wa Sweden na Denmark waliendesha mradi ulioitwa UTOPIA pamoja na vyama vya wachapaji wa magazeti. Kompyuta za kupangia kurasa walizozitaka zilikuwa bado hazipo. Basi walitengeneza za mbao na maboksi, boksi moja likawa mashine ya kuchapa, na wachapaji wakafanya kazi juu ya maboksi hayo kana kwamba ni mitambo ya kweli, wakisema hapa mkono haufiki, hapa nahitaji kuona ukurasa mzima. Boksi halina gharama ya kubadilisha. Programu iliyokwisha kulipiwa inayo.

Mbegu ile ilifika hadi kwetu. Chuo Kikuu cha Oslo, kikifuata mapokeo hayo, kilishirikiana na watu wa Afrika Kusini baada ya 1994 kutengeneza programu ya takwimu za zahanati, ambayo leo inaitwa DHIS2 na inatumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, pamoja na nchi nyingine nyingi. Muuguzi anayenakili kutoka fomu ya mwezi anaweza kuwekewa skrini inayofanana na fomu ile ile, mstari kwa mstari, na hapo kuiga karatasi ni busara, kwa sababu macho yake yanatoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo na kurudi. Haina maana kwamba haina matatizo. Muulize muuguzi yeyote mwisho wa mwezi.

Wakubwa wa ofisi huwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba semina zitawafundisha makarani. Mimi naishi kwa kufundisha, kwa hiyo nisikilizwe hapa: somo la semina hudumu mpaka karani anapohamishwa, na anayekuja baada yake hurithi vikaratasi tu. La pili ni kwamba ugumu unazuia wizi. Citibank iliweka watu watatu wa kukaguana, na wote watatu walipotoshwa na skrini moja. Mwizi mwenye nia anajifunza visanduku vyote, na anayenaswa ni mwenye haraka na mtoto mgongoni.

Kabla zabuni haijasainiwa, ofisi iwachukue makarani watano wa madirisha, si wakuu wao, iwakalishe mbele ya programu na kazi halisi, kisha inyamaze na kutazama. Jakob Nielsen wa Denmark aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kuibua sehemu kubwa ya kasoro. Wapo waliompinga kuhusu hesabu, lakini sijaona aliyesema sifuri inatosha. Itachukua siku mbili.

Wakati tukisubiri hayo, kwa wanaovuka wiki hii. Kama mzigo wako ni wa thamani isiyozidi dola 2,000 na ni bidhaa zinazostahili za Afrika Mashariki, omba cheti rahisi cha uasili wa bidhaa badala ya kuingia kwenye tamko refu. Pima mzigo kabla ya kufika na uandike kilo kwenye karatasi yako mwenyewe, usitaje magunia. Waliorejea mbebe cheti na kitambulisho kwa pamoja, na karatasi ya wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Karani akimaliza kujaza, mwambie kwa heshima: "Naomba unisomee jina na uzito kabla hujathibitisha." Wengi hawakasiriki. Yule kijana wa vikaratasi sasa huwasomea watu bila kuombwa, na foleni yake, alivyoniambia, haijawa ndefu kuliko zamani.